Kutibu Doa Si Kujichubua

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu madoa meusi yanayobaki kwenye ngozi baada ya kipele, jeraha au muwasho kupona. Nazungumzia doa la shavuni lililoachwa na chunusi, alama za miguuni zilizoachwa na mbu na kucha zetu wenyewe, weusi wa kidevuni na kisogoni baada ya kunyoa, na mabaka ya mgongoni yaliyoachwa na tetekuwanga. Kipele huja na kuondoka ndani ya wiki mbili tatu. Doa lake linaweza kukaa mwaka mzima. Madaktari wa ngozi wanalijua hili vizuri: mgonjwa wa chunusi anapoketi mbele yao, mara nyingi analolalamikia kwanza si kipele, ni alama.

Sasa msikilizeni binti huyu aliyeingia kwenye duka la vipodozi la mtaani.

"Dada, samahani, una dawa ya madoa?"

"Ipo, mdogo wangu. Chukua hii. Paka asubuhi na jioni, wiki mbili tu uso wote unang'aa."

Binti analipa, anashukuru, anaondoka. Aliomba dawa ya doa, akauziwa dawa ya kuchubua uso mzima. Mazungumzo kama hayo hufanyika kila siku katika miji yetu, na hapo ndipo vijana wengi wanapopotezwa njia. Kwa hiyo jambo ninalotaka tulishike leo ni hili: kutibu doa ni kazi moja, kujichubua ni kazi nyingine kabisa. Anayetibu doa anataka rangi aliyozaliwa nayo irudi mahali ilipoharibika. Anayejichubua anaiondoa rangi hiyo mwili mzima. Dawa zake ni tofauti, muda wake ni tofauti, na madhara yake ni tofauti.

Tuanze na kinachotokea ndani ya ngozi. Rangi yetu inatokana na melanini, ambayo hutengenezwa na seli maalumu ziitwazo melanositi, zilizokaa chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi. Idadi ya seli hizi haitofautiani sana kati ya Mwafrika, Mhindi na Mzungu. Tofauti ipo katika wingi na aina ya melanini inayotengenezwa, na jinsi inavyosambazwa kwa seli za jirani. Seli za mtu mweusi hutengeneza nyingi zaidi, na hiyo ni neema, kwa sababu melanini hukinga kiini cha seli dhidi ya mionzi ya jua. Ndiyo maana saratani za ngozi zinazoletwa na jua ni chache miongoni mwetu, isipokuwa kwa ndugu zetu wenye ualbino, ambao wanakosa kinga hiyo na jua huwaumiza sana.

Lakini seli hizo hushtuka upesi. Ngozi inapovimba, inapowasha, inapouma au inapopata joto, mwili humwaga kemikali za kupambana na tatizo. Kemikali zilezile huziamsha melanositi, nazo huanza kutengeneza melanini kupita kiasi. Kipele kinapoisha, melanini iliyozidi haiondoki siku hiyo hiyo. Inabaki pale, na ndiyo doa tunaloliona kwenye kioo. Kwa maneno mengine, doa si uchafu wala si damu mbaya. Ni rangi yako mwenyewe iliyozidi mahali pamoja.

Rangi hiyo inaweza kukaa katika kina cha aina mbili. Ikibaki katika tabaka la juu, doa huwa la kahawia au jeusi la kahawia. Tabaka la juu hujibadilisha lenyewe, seli mpya zikipanda na za zamani zikipukutika, katika muda wa mwezi mmoja hivi na zaidi. Kwa hiyo doa la juu hufifia polepole, mara nyingi katika miezi sita hadi mwaka, hata bila dawa, mradi lisichokozwe. Rangi ikizama chini ya tabaka hilo, doa huonekana la kijivu au la bluu iliyofifia, na hilo laweza kukaa miaka. Dawa za kupaka hulifikia kwa shida. Kadiri uvimbe ulivyokuwa mkali na ulivyodumu, ndivyo rangi inavyozama zaidi.

Hapo tumepata kanuni ya kwanza ya tiba: shughulikia kwanza kilicholeta doa. Kupaka dawa ya doa huku chunusi mpya zinatoka kila wiki ni kupangusa sakafu huku paa linavuja. Mwenye chunusi atibiwe chunusi. Mwenye ukurutu, au pumu ya ngozi kama wengi wanavyouita, atibiwe ukurutu na apake mafuta mazito yasiyo na manukato kila atokapo kuoga, ili ngozi isikauke na kuwasha. Mwenye upele unaowasha usiku atibiwe pamoja na wote anaolala nao nyumba moja, la sivyo utarudi. Mtoto anayeng'atwa na mbu alale ndani ya chandarua na kucha zake zikatwe fupi, kwa kuwa doa la mguuni mara nyingi huletwa na kujikuna kuliko na mbu mwenyewe.

Na chunusi zisitumbuliwe. Najua mkono unavutwa mno mbele ya kioo. Lakini unapokiminya kipele, usaha mwingine hutoka nje na mwingine husukumwa ndani, uvimbe hupanuka, na kipele ambacho kingeacha alama ndogo ya muda mfupi kinaacha doa kubwa, au shimo ambalo halitafutika.

Kwa kina kaka wanaonyoa ndevu, wale ambao vinyweleo vyao vimejikunja, tatizo ni nywele zinazokatwa karibu mno na ngozi, kisha zikajipinda na kuingia tena ndani. Mwili huziona kama mwiba, unavimba, na doa linafuata. Tiba yake inaanza kwa kinyozi. Mwambie asikunyoe hadi ngozi, aache nywele fupi za milimita moja au mbili, na mashine yake iwe safi. Spiriti inayopakwa juu ya vipele vilivyokwisha kuvimba huchoma na kuongeza uvimbe. Wapo ambao kuacha kunyoa kwa wiki chache tu kumewapa nafuu kubwa kuliko krimu zote walizonunua.

Kanuni ya pili ni jua. Watu wengi wanaamini kwamba mtu mweusi hahitaji kujikinga na jua. Kwa habari ya saratani, kinga yetu ya asili ni kubwa, nimekwisha kusema. Kwa habari ya madoa, mambo ni mengine. Mionzi ya jua huziamsha melanositi zilezile zilizokwisha kushtuka, na doa lililokuwa limeanza kufifia hukolea tena. Tunaishi karibu na ikweta, ambako jua ni kali karibu mwaka mzima, hasa kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Dereva wa bodaboda, mama anayeuza mbogamboga kando ya barabara, mwanafunzi anayetembea kwa miguu kwenda shule, hawa wote madoa yao yana kazi ngumu ya kufifia.

Wafanye nini? Wenye uwezo wa kununua losheni ya kukinga jua watafute yenye kiwango cha kinga cha 30 au zaidi, na yenye kukinga dhidi ya mionzi ya aina zote mbili za urujuanimno. Kwa uso na shingo, kiasi kinachotosha ni michirizi miwili ya losheni iliyojaza urefu wa vidole viwili. Ukipaka tone moja ukalieneza uso mzima, kinga unayoipata ni ndogo kuliko ile iliyoandikwa kwenye chupa. Unapokuwa nje, rudia kila baada ya saa mbili. Na kwa ngozi nyeusi kuna jambo la ziada ambalo wauzaji wengi hawalielezi: hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho unaweza kukoleza madoa yetu. Losheni nyeupe za kawaida hazizuii mwanga huo. Zile zenye rangi ya ngozi, ambazo zimetiwa oksidi za chuma, huuzuia kwa kiasi kizuri, na zina faida nyingine: haziachi uso na rangi ya majivu.

Asiye na uwezo huo asidhani kwamba ameachwa bila kinga. Kofia ya ukingo mpana, mtandio, kanga begani, mwavuli, shati la mikono mirefu, kutembea upande wenye kivuli: vitu hivi viko majumbani mwetu na vinafanya kazi. Tena mwavuli haufutiki kwa jasho.

Hapa niseme neno kwa wenye mamlaka na wenye viwanda. Kule Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, ilianza kutengenezwa losheni ya kukinga jua iitwayo Kilisun, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ni kazi ya kuheshimiwa na inaokoa maisha. Inaonyesha pia kwamba losheni bora inaweza kutengenezwa hapa hapa kwetu, na mikono yetu, kwa ajili ya ngozi za watu wetu. Ningependa kuona siku ambayo losheni ya namna hiyo, yenye rangi inayofanana na nyuso zetu, inauzwa katika kila duka la dawa kwa bei ambayo mama ntilie anaimudu.

Baada ya kutuliza kilicholeta doa na kujikinga na jua, ndipo tunafika kwenye dawa za kulifuta doa lenyewe. Nitazitaja kwa majina ili ukienda kwa mfamasia ujue unachouliza.

Ya kwanza ni asidi ya azelaiki, ya asilimia 15 au 20. Hii naipa nafasi ya mbele kwa sababu inafanya kazi mbili: inatuliza chunusi, na inapunguza utengenezaji wa melanini katika seli zilizozidisha kazi, bila kuigusa sana ngozi iliyo sawa. Hupakwa mara mbili kwa siku. Mwanzoni inaweza kuchonyota kidogo. Pia ni miongoni mwa dawa chache za aina hii ambazo madaktari huwaruhusu kina mama wajawazito kuzitumia.

Ya pili ni kundi la retinoidi, dawa za jamii ya vitamini A: adapalini na tretinoini. Hizi huharakisha ngozi kujibadilisha, huzibua vinyweleo, huzuia chunusi mpya na kufifisha madoa ya zamani. Hupakwa usiku tu. Kiasi cha punje moja ya kunde kinatosha uso mzima. Anza kwa kupaka usiku mmoja na kuacha mmoja, kwa sababu wiki chache za mwanzo ngozi hukauka na kubanduka. Ukipaka nyingi kwa pupa, utaiunguza ngozi, na kuungua huko kutaleta madoa mapya. Wajawazito na wanaotarajia kupata mimba wasizitumie kabisa.

Ya tatu ni benzoili peroksaidi, ambayo haifuti doa bali inaua vijidudu vya chunusi. Ya asilimia 2.5 au 5 inatosha. Ifahamike tu kwamba inafubaza nguo, kwa hiyo taulo na foronya za rangi ziwekwe mbali. Zipo pia niasinamaidi na vitamini C, ambazo nguvu zake ni ndogo lakini ngozi nyingi huzivumilia, na zinafaa kama nyongeza.

Ya nne ni haidrokwinoni, na hapa nawaomba mnisikilize kwa makini. Haidrokwinoni ni dawa ya kweli. Inazuia kimeng'enya ambacho melanositi hukitumia kutengeneza rangi. Daktari wa ngozi anaweza kumwandikia mgonjwa ya asilimia 4, apake juu ya doa peke yake, kwa miezi mitatu hivi, pamoja na kinga ya jua, kisha aache. Mwaka 1975, madaktari Albert Kligman na Isaac Willis wa Marekani walichapisha mchanganyiko wa haidrokwinoni, tretinoini na steroidi, na mpaka leo madaktari hutumia michanganyiko iliyotokana nao. Mwaka huohuo wa 1975, madaktari wa Afrika Kusini, wakiongozwa na Findlay, waliandika habari za wanawake ambao nyuso zao zilikuwa zimegeuka nyeusi za bluu, nene, zenye vijipele vigumu mashavuni. Walikuwa wamepaka krimu za haidrokwinoni zilizouzwa madukani, kwa miaka, uso mzima, katika jua kali. Ugonjwa huo unaitwa okronosisi, na kuutibu ni kazi ngumu mno. Afrika Kusini ilikuja kuipiga marufuku haidrokwinoni katika vipodozi mwaka 1990.

Mwaka mmoja, dawa moja, matokeo mawili. Kilichotenganisha matokeo hayo ni kipimo, mahali pa kupaka, muda, na daktari anayemfuatilia mgonjwa. Ukiitoa dawa hii mikononi mwa daktari ukaiweka kwenye kopo lisilo na anwani ya mtengenezaji, umeigeuza kuwa sumu ya ngozi. Ndiyo maana Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zimekataza haidrokwinoni katika vipodozi. Rwanda iliendesha msako mkubwa wa krimu za kujichubua mwishoni mwa 2018. Hapa Tanzania, usimamizi wa vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango, yaani TBS, mwaka 2019. Sheria zipo. Bidhaa bado zipo sokoni. Kwa hiyo jicho la mnunuzi bado linahitajika.

Na hayo ni ya haidrokwinoni peke yake. Ndani ya mkorogo, yaani michanganyiko ya krimu za kujichubua, kuna zaidi. Kuna steroidi kali, hasa klobetasoli, ambayo kwenye tyubu utaiona ikianza na herufi C, L, O, B. Steroidi ni dawa muhimu sana kwa ukurutu na magonjwa mengine ya ngozi, kwa siku chache na kwa maelekezo ya daktari. Ikipakwa usoni na mwilini kila siku kwa miezi, ngozi hukonda, mishipa ya damu huchomoza, michirizi hutokea mapajani na mikononi, chunusi huibuka upya, fangasi hujificha na kusambaa, na vidonda hukawia kupona. Ikipenya mwilini kwa wingi inaweza kupandisha sukari na shinikizo la damu. Mtu akiiacha ghafla uso huwaka na kuwasha, naye hudhani ngozi inadai dawa yake, akairudia. Na uvimbe huo mpya huleta nini? Madoa meusi yaleyale aliyoanza kuyakimbia.

Kisha kuna zebaki. Sabuni na krimu nyingine za kung'arisha hutiwa zebaki, ambayo huingia mwilini kupitia ngozi, huharibu figo, hudhuru mishipa ya fahamu, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Mkataba wa kimataifa wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, umepewa jina la mji wa Japani ambako watu walidhurika vibaya kwa kula samaki waliojaa zebaki ya kiwandani. Mkataba huo unakataza vipodozi vya zebaki. Kinachokatazwa na mataifa mengi kwa sababu ya mji ulioteseka kiasi hicho hakistahili kuwa bafuni kwetu.

Niyataje haraka na yale tunayojitengenezea nyumbani. Ndimu na limau zisipakwe usoni. Maji yake yakikutana na jua juu ya ngozi huunguza, na huacha madoa meusi zaidi ya yaliyokuwapo. Dawa ya meno juu ya chunusi huchoma. Kusugua doa kwa dodoki gumu, jiwe au skrabu yenye chenga ni kuichokoza ngozi upya. Dawa ya kufulia nguo nyeupe haina nafasi yoyote kwenye mwili wa binadamu. Liwa na manjano ni urembo wetu wa pwani tangu enzi, na bibi harusi ataendelea kupakwa singo, lakini avipumzishe siku ambazo uso una vipele vilivyovimba, na mkono unaosugua uwe mwepesi. Nao wanaoshawishiwa kuchomwa sindano za kung'arisha mwili mzima, nawasihi wakatae. Hiyo si tiba ya doa.

Kuna pia huduma za kubandua ngozi kwa asidi na za mwanga wa leza, ambazo sasa zinatangazwa katika miji mikubwa. Zikifanywa na daktari aliyezoea ngozi nyeusi zinaweza kusaidia baadhi ya watu. Zikifanywa na mtu asiye na ujuzi huo zinaunguza, na ngozi nyeusi iliyoungua huacha doa. Kabla hujalaza uso wako mbele ya mashine, muulize anayeishika amesomea wapi na ametibu ngozi kama yako mara ngapi. Ana wajibu wa kukujibu.

Sasa tuseme juu ya madoa ambayo hayastahili kutibiwa dukani hata kidogo. Kuna doa la mviringo, jeusi au la zambarau, linalorudi mahali palepale kila unapomeza dawa fulani: mdomoni, mkononi, au sehemu za siri. Huo ni mzio wa dawa. Dawa za kundi la salfa, kama Septrin, na SP ambayo wengi waliizoea kwa jina la Fansidar, zinajulikana kuuleta, na baadhi ya dawa za maumivu pia. Andika jina la dawa uliyomeza, nenda nalo kituo cha afya, na usiimeze tena bila ushauri. Kuna weusi mnene wa shingoni na kwapani, ulio laini mfano wa mahameli. Watoto wengi husuguliwa shingo kwa nguvu wakiambiwa hawaogi vizuri. Mara nyingi hiyo ni dalili kwamba mwili unashindwa kuitumia insulini ipasavyo, na kinachotakiwa ni kupima sukari na uzito. Kuna baka lisilohisi ukiligusa kwa pamba. Hilo lipelekwe kuchunguzwa ukoma, ambao unatibika na dawa zake hutolewa bure. Na kuna doa jeusi kwenye unyayo, kwenye kiganja au chini ya ukucha, linalokua, linalobadilika umbo au linalotoa damu. Saratani ya melanoma kwa watu weusi hupenda kutokea hapo, hasa unyayoni. Usilisubiri.

Nanyi wenye vipele vya kuwasha mwili mzima vinavyopona na kuacha madoa mengi miguuni na mikononi, mwezi baada ya mwezi, pimeni na VVU pia. Vipele vya namna hiyo vinaweza kuwa dalili ya kinga iliyoshuka, na dawa za kufubaza virusi ndizo zinazovituliza. Krimu ya madoa haitafika huko.

Mtu anaweza kuuliza, daktari wa ngozi nitampata wapi mimi niliye wilayani? Ni kweli, madaktari bingwa wa ngozi ni wachache na wengi wako mijini. Lakini kituo kile cha Moshi nilichokitaja kimekuwa kikifundisha, tangu miaka ya 1990, maofisa tabibu na wauguzi kutoka nchi nyingi za Afrika, ili wabobee katika magonjwa ya ngozi, na wengi wao wanafanya kazi katika hospitali za mikoa na wilaya. Uliza hospitali yako kama yupo na ni siku gani anaona wagonjwa wa ngozi.

Ukishapata dawa, jambo linalobaki ni subira, na subira hapa ina kipimo. Hakuna dawa halali inayofuta doa kwa wiki mbili. Chunusi huanza kutulia baada ya wiki nane hadi kumi na mbili. Madoa ya juu huhitaji miezi mitatu hadi sita ya dawa kabla hujaona tofauti ya kuridhisha. Piga picha ya uso wako siku ya kuanza, mahali penye mwanga uleule, na nyingine kila mwezi, kwa sababu jicho linalotazama kioo kila asubuhi haliyaoni mabadiliko ya polepole. Ukiahidiwa siku saba, jua kwamba ndani ya kopo hilo kuna kitu ambacho muuzaji hajakutajia.

Wazazi, nina neno kwenu. Mtoto wa miaka kumi na minne akijifungia chumbani kwa sababu ya uso wake, msimwambie ni utoto utapita. Utapita, ndiyo, lakini madoa yanaweza kubaki, na aibu inaweza kumsukuma kwa muuzaji yule wa wiki mbili. Mpelekeni kituo cha afya mapema, wakati chunusi bado ni chache. Chunusi iliyotibiwa mapema huacha madoa machache, na huo ndio uponyaji wa bei nafuu kuliko wote. Wala msimwambie binti kwamba angependeza kama angekuwa mweupe kidogo. Neno la mzazi huingia ndani kuliko krimu yoyote, na wengi walioanza kujichubua walianza kwa kusikia neno la namna hiyo nyumbani.

Nanyi wenye maduka, najua mnatafuta riziki. Mtu akija kuomba dawa ya doa, muulizeni doa limetokana na nini. Kama hamna dawa inayofaa, mwelekezeni kwa mfamasia au kwenye zahanati. Mteja aliyeambiwa ukweli hurudi.

Ndugu wasikilizaji, nawaombeni jambo moja kabla ya kuagana. Nenda leo bafuni, au kwenye meza yako ya kujipambia, ukachukue kila kopo na kila tyubu unayopaka usoni. Soma kilichoandikwa. Ukikuta haidrokwinoni, steroidi au zebaki, au ukikuta hakuna orodha ya viambato wala jina la mtengenezaji, usikipake tena, isipokuwa ulichoandikiwa na daktari. Lakini kama kina steroidi na umekuwa ukikitumia kwa miezi mingi, usikiache ghafla: kipeleke kituo cha afya ukaeleze ukweli wote, ili upewe utaratibu salama wa kukiacha. Hutakuwa wa kwanza kueleza hivyo, na mtoa huduma mwema hatakucheka. Ngozi iliyoumizwa inaweza kutibiwa, na rangi yako ndiyo inayotakiwa irudi.